Watu 120 kutoka Houston wanataka mkutano mkuu milimani Colorado: waanzie wapi?

SWALI: "Habari za kazi kaka. Chama chetu cha watu wa Afrika Mashariki hapa Houston kinataka mkutano mkuu wa mwakani ufanyike milimani Colorado, Ijumaa mpaka Jumapili, mwezi wa saba. Tupo kama 120, watu wazima 75 na watoto 45, na kuna wazee kadhaa wa miaka 70 na kitu. Mwenyekiti anang'ang'ania Breckenridge sababu ya picha alizoona. Tumepanga kila mtu mzima atoe dola 350 iwe imemaliza kila kitu, nauli ya ndege tu ndo juu yake. Tunataka kikao kimoja kirefu, usiku wa nyama choma na muziki, na siku ya kutembeza watoto. Mi ndo katibu, nimetupiwa mzigo wote. Naanzia wapi?" Rehema, Houston

JIBU:

Dada Rehema, pole kwa ukatibu. Mi shughuli yangu ndo hii, kupanga mikutano na sherehe za makundi hapa Colorado, na nakwambia kabisa usianze na hoteli, wala usianze na bajeti. Anza na miili ya watu wako. Vitu vingine vyote vinajadilika, hoteli ina meneja wa kubembeleza, tarehe inasogezeka, ila kimo cha mlima hakina mtu wa kukipigia simu.

Houston ipo karibu usawa wa bahari. Denver mtakapotua ni mita 1,609, hapo hamna shida, ni kama umetua mji ulio chini kidogo ya Nairobi. Breckenridge ni mita 2,926. Kwa wale waliowahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kibanda cha kwanza cha kulala, Mandara, kipo kwenye mita 2,720. Kwaiyo mwenyekiti anataka kuwachukua bibi zetu wa miaka 70 asubuhi kutoka joto la Houston na jioni yake walale juu zaidi ya Mandara, tena bila kutembea hata hatua moja ya kuuzoesha mwili. Wengi watakuwa salama, sisemi watu wataanguka, ila katika watu 120 utapata wa kutosha wenye kichwa kinagonga, kichefuchefu, usingizi haupatikani, na hiyo ndo asubuhi ya Jumamosi uliyoiwekea kikao kirefu cha katiba na mahesabu. Unajua vikao vyetu vilivyo hata watu wakiwa wamelala vizuri.

Kwa kundi lenu nashauri Estes Park. Ni mita 2,293, chini ya ile mita 2,500 ambayo madaktari huitumia kama mstari wa kuanza kuwa makini, na ni mlangoni kabisa pa hifadhi ya Rocky Mountain, kwaiyo picha za mwenyekiti atazipata tu, tena nzuri zaidi kwa maoni yangu. Kutoka uwanja wa ndege wa Denver ni kama saa moja na nusu hivi kwa gari, bila kupita ile barabara ya I-70 ya kwendea Breckenridge, ambayo Jumapili mchana watu wote wa Denver wanarudi mjini kwa pamoja na mtu anaachwa na ndege akiwa amekaa kwenye foleni anaangalia milima. Nisiifiche sifa ya Breckenridge lakini: ni mji wa kuteleza kwenye theluji, msimu wake mkubwa ni baridi, kwaiyo kiangazi vyumba mara nyingi vinashuka bei. Estes ni kinyume, kiangazi ndo mavuno yao. Ingekuwa ni vijana 30 wa mpira ningesema nendeni Breckenridge mkafaidi.

Sasa kuna ishu moja ambayo waandaaji wengi wa mikutano wa huku hawaisemi kwa sababu wateja wao wengi haiwahusu, ila sisi inatuhusu sana. Siko seli, yaani selimundu. Mtu mwenye ugonjwa wa siko seli akipanda sehemu ya hewa nyembamba anaweza kupata shambulio la maumivu makali, na hata yule anayebeba vinasaba tu bila kuugua, ambaye maisha yake yote hajawahi kulazwa, zipo taarifa za kitabibu za watu wa namna hiyo wengu kuharibika walipopanda milimani. Kwenye kundi la watu 120 wenye asili ya Afrika Mashariki usijidanganye kwamba hayupo. Kwaiyo fomu ya kujiandikisha iwe na mstari mmoja unaosema wazi kuhusu kimo cha mji, na kwamba mwenye siko seli au anayebeba, mwenye moyo, mapafu, mjamzito, aongee na daktari wake kabla ya kulipa. Usiwaulize watu waandike ugonjwa wao kwenye fomu, au mbaya zaidi kwenye grupu la WhatsApp, wewe toa taarifa tu halafu mtu aamue na daktari wake. Huko huko atauliza na habari ya Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa kimo, ile ile wanayomeza wapanda Kilimanjaro. Na kama hela inaruhusu, wazee waje Alhamisi walale Denver usiku mmoja, inasaidia kuliko vile vichupa vya oksijeni vinavyouzwa madukani.

Usiku wa Ijumaa usiwape watu pombe ya bure. Huku juu kichwa kikiuma asubuhi hujui ni bia au ni mlima, na maji wanywe kwelikweli, hewa ni kavu, midomo inapasuka, watoto wanatoka damu puani na mama zao wanashtuka bure. Waambie wabebe mafuta ya kupaka. Na sweta, hata Julai, usiku baridi inashuka chini ya digrii 10, halafu mchana jua linachoma kuliko mnavyolijua.

Tukija kwenye tarehe. Julai Estes inafurika: sikukuu ya tarehe 4, kuna rodeo ya mji mwezi huo huo, na familia za Marekani nzima zipo likizo. Mwezi wa tisa na mwanzo wa wa kumi ndo mzuri kuliko yote, elki dume, wale kulungu wakubwa wa huku, wanalia mpaka katikati ya mji na wanatembea kwenye viwanja vya gofu kama wamelipia, lakini watoto wenu wa Texas wapo shule toka Agosti. Kwaiyo mi ningechukua wikendi ya kwanza au ya pili ya Juni. Shule zimefungwa, ile barabara ya juu ya hifadhi, Trail Ridge Road, kwa kawaida inakuwa imefunguliwa mwishoni mwa Mei baada ya kufukuliwa theluji, na radi za mchana hazijachachamaa kama Julai na Agosti. Hizo radi zichukulie kwa uzito. Asubuhi mbingu safi, saa saba mchana mawingu yameshajaa, na ukiwa juu pasipo na miti wewe ndo unakuwa mrefu kuliko vyote. Matembezi ya juu yaishe kabla ya adhuhuri.

Haya, sasa hela, na hapa ndo naomba usome mara mbili.

Dola 350 mara watu wazima 75 ni 26,250. Inaonekana hela nyingi. Chukua mfano vyumba 40, siku mbili, tuseme 220 kwa usiku na kodi zake ndani, hiyo ni 17,600 imeondoka. Umebaki na 8,650 kwa watu 120, yaani dola 72 hivi kila kichwa, kwa ukumbi, milo yote ya siku tatu, mabasi na muziki. Haitoshi. Na haitoshi kwa sababu ya kitu ambacho wageni wa hoteli za mikutano hawakioni kwenye karatasi: bei ya chakula ikiandikwa 60 halafu pembeni kuna alama mbili za kujumlisha, ile ya kwanza ni sevisi chaji na ya pili ni kodi. Sevisi ikiwa asilimia 24, sahani inakuwa 74.40, halafu kodi ya asilimia 8 inakaa juu ya hiyo jumla, unatoa 80.35. Sahani moja. Ya chakula cha jioni tu. Siku zote waambie wakupe bei iliyokwisha, na uulize na risoti fii, ada ya ziada ya hoteli ya kila chumba kila siku, wengine wanaificha mpaka siku ya kutoka.

Kwaiyo vunja mfumo. Kila familia ijilipie chumba chake moja kwa moja hotelini kwa linki ya kundi, na chama kikusanye mchango mdogo wa ukumbi, chakula cha pamoja na mabasi tu. Mwenye watoto wanne na mwenye hana mtoto hawatagombana nani kambeba nani, na wewe katibu hutashika hela za vyumba vya watu mkononi. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la vyumba 40 ni bora likae kwa hoteli.

Ila hata hapo kuna mtego, hoteli ikikuwekea vyumba vya kundi inakusainisha kwamba mtajaza kiasi fulani, mara nyingi asilimia 80, wenyewe wanaita atrisheni. Vyumba 40 kwa siku mbili ni usiku 80, asilimia 80 yake ni 64. Sasa watu wetu unawajua, kwenye grupu wote wanaandika "niweke na mimi", ikifika siku ya kulipa wamejaza vyumba 25, yaani usiku 50. Pungufu ni 14, mara 220, ni dola 3,080 anadaiwa aliyesaini. Na aliyesaini ni wewe! Kwaiyo kwanza, mkataba usainiwe kwa jina la chama kilichosajiliwa, sio la Rehema. Pili, ombeni vyumba 28 tu, na kipengele cha kuongeza kwa bei ile ile vikiwepo. Tatu, tarehe ya mwisho ya kubuku kwa bei ya kundi, ambayo mara nyingi ni siku 30 kabla, nyie kwenye grupu itangazeni kuwa ni siku 60. Na muombe usiku mmoja wa chumba bure kwa kila usiku 40 au 50 za vyumba vilivyojazwa, mkijumlisha siku zote mbili, hiyo ni kawaida kabisa ya biashara hii, wala sio kuomba msaada.

Kipengele kingine cha kusoma neno kwa neno ni cha majanga. Huku sio maneno ya mawakili tu. Septemba 2013 mafuriko yalikata barabara kuu zote mbili zinazopanda Estes kutoka mashariki, ya 34 na ya 36. Oktoba 2020 moto wa East Troublesome uliruka mgongo wa milima na mji mzima ukahamishwa. Kwaiyo mkataba useme kwamba barabara ikifungwa na serikali, au amri ya kuhama ikitoka, au moshi ukizidi kiwango mtakachokubaliana, mnarudishiwa dipoziti au mnahamishiwa tarehe bila faini. Hoteli nyingi watakubali mambo mawili ya kwanza na watabishana na la moshi. Bishaneni. Na bima ya tukio mtahitaji, kumbi nyingi zinataka cheti cha bima ya dola milioni moja, sio ghali kivile kwa wikendi moja lakini haipatikani Ijumaa mchana ukiwa mlangoni.

Mahali penyewe. Kwa familia nyingi namna hii, ningeanza kuuliza YMCA of the Rockies, kile kituo chao cha Estes Park. Wapo pale tangu 1907, eneo lao ni kubwa kama kijiji, kuna vyumba vya loji, vibanda vya familia, kumbi za kikao, bwalo la kujichukulia chakula mwenyewe na michezo ya watoto, na wamezoea mikusanyiko ya ukoo ya watu mia na kitu, hawatakushangaa. Uliza sera yao ya pombe na muziki mapema, kabla hamjapendana. Mwenyekiti akitaka heshima kuna Stanley Hotel, ile nyeupe juu ya mji, ilifunguliwa 1909 na yule Stanley wa magari ya mvuke, aliyekuja huku mgonjwa wa kifua kikuu akapona. Pazuri sana, na bei yake inajua kwamba ni pazuri. Mngeweza kulala YMCA na kwenda kupiga picha Stanley, hilo halina mkataba.

Kabla ya kupiga simu hoteli moja moja, andika ukurasa mmoja: tarehe mbili mbadala, idadi ya vyumba, ukumbi wa watu wangapi na umekaaje, milo mingapi, bajeti yenu ya kweli. Utume kwa Visit Estes Park, ndo ofisi ya utalii ya mji, wanalipwa kutokana na kodi ya vyumba kwaiyo hawakutozi, na wenyewe wanasambaza kwa hoteli na kumbi, wanaokutaka wanakujibu. Miji yote ya milimani ina ofisi ya namna hii, na watu wetu wengi hawajui kabisa kwamba ipo.

Nyama choma sasa. Hoteli karibu zote haziruhusu chakula cha nje ukumbini, na kiangazi kikikauka wilaya inatangaza marufuku ya moto, ikifika hatua kali mkaa haugusiki kabisa, majiko ya gesi tu ndo yanapona. Panga choma ya gesi tangu mwanzo, au kodi sehemu ya wazi yenye ruhusa, na uwe na mpango wa pili bila moto. Halafu wamama wa pilau waambie maji ya Estes yanachemka kwenye kama digrii 92, kwaiyo wali unataka maji na muda zaidi, na maharage bila presha kuka mtayala Jumapili. Masufuria yakibaki na chakula yasilale kwenye gari. Dubu wa huku wanafungua milango ya magari, sio hadithi, na akishaingia mlango ukajifunga nyuma yake basi hilo gari hamna tena.

Muziki: sehemu nyingi saa nne usiku ni kimya. Saa nne ya kweli. Anzeni saa kumi na moja jioni, na msikodi nyumba ya likizo mkajazana humo watu 40 mkidhani hamtaonekana, idadi ya watu imeandikwa kwenye leseni ya nyumba na majirani wanapiga simu.

Kuna jambo la bangi pia, linasemwa kwa kunong'ona lakini wewe lisome hadharani. Colorado inauzwa dukani kihalali, zipo mpaka za pipi na biskuti. Kwa sheria ya shirikisho bado ni kosa, na ndani ya hifadhi ya taifa ni ardhi ya shirikisho. Mtu ambaye bado hana uraia, hata akiwa na grini kadi, anaweza kuharibu faili lake la uhamiaji kwa kitu alichonunua na risiti.

Siku ya kutembea ifanyeni Jumamosi asubuhi, kikao kiwe mchana wakati radi zinapiga nje, mmeua ndege wawili hapo. Miaka ya karibuni hifadhi imekuwa ikitaka kibali cha muda wa kuingia kuanzia mwisho wa Mei mpaka katikati ya Oktoba, kinachukuliwa kwenye tovuti ya Recreation.gov, na vya mwezi fulani vimekuwa vikifunguliwa tarehe 1 ya mwezi unaotangulia, saa mbili asubuhi kwa saa za Colorado. Kibali ni kwa gari. Magari 25 ni akaunti 25 na ugomvi 25, kwaiyo kodini mabasi, na kampuni ya basi iwe na ruhusa ya hifadhi ya kuingiza makundi ya kulipiwa, waulize swali hilo hilo kabla ya bei. Utaratibu wa kibali umekuwa hauwagusi wanaoingia kabla ya saa tatu asubuhi, ila njia ya Bear Lake, ziwa lililo ndani ya hifadhi, ndo inabana kuanzia alfajiri. Trail Ridge Road inafika mita 3,713, hiyo ni kimo cha Horombo kabisa, kibanda cha pili cha njia ile ya Marangu, kwaiyo wazee wakae chini au washuke baada ya picha moja, na anayejisikia vibaya anashushwa saa hiyo hiyo, hamna kusubiri kundi. Elki na kondoo wa milimani mita 23, dubu na musi (moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu) mita 36. Watoto wafundishwe hilo ndani ya basi, musi anaonekana mpole na sio mpole.

La mwisho, wageni wa nyumbani. Najua kuna mtu ameshapendekeza kumwalika mgeni rasmi kutoka Dar au Nairobi. Andikeni barua ya mwaliko mapema, ila msimlipie chumba kisichorudishika mpaka viza ipo ndani ya pasipoti, masharti yamekuwa yakibadilika sana. Na akifika, tangu Januari 2026 mgeni asiye mkazi wa Marekani wa kuanzia miaka 16 anatozwa dola 100 za ziada kuingia hifadhi kadhaa kubwa, na Rocky Mountain imo. Angalieni tena karibu na safari kama bado ni hivyo, na wale wakazi wabebe kitambulisho cha Marekani mfukoni, sio kwenye begi lililobaki chumbani.

Nitumie huo ukurasa mmoja ukishauandika, nitaupitia kabla hujautuma Visit Estes Park.